ESR Yangu Ilikuwa 64

Karatasi ya majibu niliipokea dirishani, imekunjwa mara mbili na kubanwa pini. Niliifungua kabla sijafika kwa daktari, kama tunavyofanya sote. Juu kulikuwa na mistari mingi ya vifupisho na tarakimu zilizochapwa na mashine, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mkono, ESR 64 mm/hr, yaani kasi ya damu kutuama, milimita kwa saa. Kando ya hiyo 64 palichorwa mshale wa kalamu nyekundu unaoelekea juu, umekolezwa mara mbili hadi wino ukatokea upande wa pili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kalamu nyekundu naijua.

Kilichonipeleka pale ni uchovu, na si ule wa kusahihisha madaftari. Nilikuwa nikipanda ngazi za kwenda darasa la sita, nafika juu moyo unanidunda, inabidi nishike ukuta na kujifanya nasoma ratiba iliyobandikwa pale. Jioni kichwa. Usiku miguu haitulii, kila nikiiweka hivi inataka kuwekwa vile. Nikapimwa malaria, hamna. Nikapimwa taifodi, nikaambiwa "ipo kidogo", jibu ambalo nadhani wengi wetu tumewahi kupewa na ambalo linastahili makala yake peke yake. Halafu ndiyo hiyo ESR.

Daktari alikuwa kijana mpole, na foleni nje ya mlango wake ilikuwa imefika kwenye benchi la kliniki ya watoto. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mshale, yakakomea hapo. "Mama, damu yako ina maambukizi. Tena makubwa." Akaniandikia sindano kumi, asubuhi na jioni kwa siku tano. Nikadungwa zote. Siku ya nane nikarudia kipimo: 59. "Unaona, imeanza kushuka," akasema, akanibadilishia antibaiotiki nyingine, vidonge vya wiki nzima. Nikavimeza. Ngazi za shule zikabaki ndefu vilevile.

Mtaani habari ilishaenea. Nikagundua kumbe watu wengi "wana ESR", kama vile mtu anavyokuwa na presha au sukari. Jirani mmoja alikuwa nayo tangu ajifungue. Shemeji wa mwenye duka alikuwa nayo, akapona kwa mlonge. Mwingine akanielekeza kwa mzee anayeuza dawa ya kusafisha damu, chupa ya lita moja, elfu kumi na tano, kijiko cha chakula mara tatu kwa siku. Nilinunua. Nilikunywa siku nne na nikasafishika kweli, ila si damu.

Wifi yangu anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali huu mwaka wa kumi na tisa. Sijui kwa nini sikumtafuta mapema. Labda kwa sababu wifi ukimwambia unaumwa, ukoo mzima unajua kabla ya adhuhuri. Nikampigia picha ile karatasi na kuituma. Jibu lake lilikuja kwa sauti, sekunde nne tu: "Wifi, nani kakwambia ESR ni ugonjwa? Njoo Jumamosi mchana, kunakuwa kumetulia."

Jumamosi nikaenda. Alinitoa damu kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cheusi. Chupa ya zambarau, akaniambia, ndiyo ya kuhesabia chembe za damu, FBP. Hii nyeusi ina dawa ya kuzuia damu isigande, sehemu moja ya dawa kwa sehemu nne za damu. Akaipindua taratibu, juu chini, juu chini, kama mtu anayebembeleza, bila kuitikisa. Kisha akaivuta damu kwenye mrija mwembamba wa kioo wenye alama za milimita, sifuri juu na 200 chini, akausimamisha kwenye stendi yake. Stendi ile ina kijidirisha chenye povu la hewa, kama pima maji ya fundi mwashi. Akachuchumaa, akarekebisha mguu mmoja wa stendi hadi povu likakaa katikati.

"Mrija ukilala kidogo tu, nyuzi tatu, jibu linaweza kupanda kwa karibu theluthi," akasema. "Ukiweka hapa dirishani jua linapopiga, linapanda. Ukiweka meza moja na sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu, ikawa inatetemesha, limeharibika. Damu ikikaa mezani tangu asubuhi ukaja kuipima jioni, limeharibika. Na ile 64 yako haikupimwa na mashine, ni mtu kama mimi na saa ya ukutani." Akabonyeza simu yake, dakika 60, akaiweka kando. "Haya, kaa utazame."

Dakika kumi za mwanzo hakuna kitu. Mrija mwekundu wote, toka juu hadi chini. Nilifikiri labda yangu imegoma. Wifi akacheka, akasema hapo ndipo chembe zinapotafutana.

Kisha akanieleza, na maelezo yake ni bora kuliko yote niliyokuja kuyasoma baadaye. Chembe nyekundu ya damu ni kama sahani, bapa, imebonyea katikati. Kwa kawaida kila chembe ina chaji hasi ya umeme kwenye ngozi yake, hivyo zinasukumana. Hakuna inayotaka kukaa karibu na mwenzake. Zikiachwa kwenye mrija zinashuka kwa uzito wake, lakini moja moja, zikijipepea, polepole. Sasa mwili ukiwa na vita mahali fulani, ini linamwaga protini nyingi kwenye maji ya damu, hasa ile inayoitwa faibrinojeni. Protini hizi zinaua ule ugomvi. Chembe zinaanza kupangana, moja juu ya nyingine, kama sahani jikoni kwenye shughuli. Na sahani moja ukiitupa kisimani inashuka kwa madaha, ila rundo la sahani ishirini linakwenda chini kama jiwe. ESR ni hilo tu: baada ya saa moja, maji ya manjano yaliyobaki juu yana milimita ngapi.

"Kwa hiyo maambukizi," nikasema.

"Maambukizi, ndiyo. Kifua kikuu, ndiyo. Baridi yabisi, ndiyo. Figo. Saratani nyingine. Mimba. Unene. Uzee wenyewe tu." Alikuwa akihesabu kwa vidole vyenye glavu. Pafukapo moshi pana moto, sawa, lakini moshi haukwambii ni jiko la nani wala kama kinachoungua ni nyumba au ni maandazi.

Akachukua penseli na kugeuza karatasi yangu nyuma. Kuna hesabu ya haraka ambayo wengi wa maabara wanaijua: mwanamume, umri gawanya kwa mbili, mwanamke, umri ongeza kumi, kisha gawanya kwa mbili. Hicho ndicho kikomo cha juu cha kawaida. Mimi nina miaka 44. Hamsini na nne kwa mbili, 27. Kwa hiyo 64 ilikuwa juu kweli, hilo halina ubishi, na wifi hakutaka kunifariji kwa uongo. Ila alisema pia kwamba mtu akileta 30 au 35 na hana dalili yoyote, mara nyingi wanamwambia arudie baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi inarudi yenyewe. Ikipita 100, hapo hata chai yake haiendelei kunyweka kabla hajampigia daktari, kwa sababu huko juu mara nyingi kuna jambo zito: maambukizi makubwa, kifua kikuu, saratani ya uboho.

Kufika dakika ya 20 utepe wa manjano ulikuwa umeanza kuonekana juu ya mrija, mwembamba kama ukucha. Halafu ukaanza kukua kwa namna ambayo huioni ikitokea. Unageuka kujibu salamu, ukirudi umeshasogea.

Katikati ya kusubiri huko ndiko nilikojifunza kwamba kipimo hiki ni kizee kuliko bibi yangu. Edmund Biernacki, daktari wa Poland, alikiandika mwaka 1897. Mwaka 1918 Msweden Robin Fåhraeus akaona damu ya wajawazito inatuama haraka, akadhani amepata njia ya kugundua mimba. Akaja kuona kumbe na wagonjwa wa mambo mengine kabisa damu zao ni hivyohivyo. Mwaka 1921 Msweden mwenzake, Alf Westergren, akiwashughulikia wagonjwa wa kifua kikuu, akaweka utaratibu wa mrija na saa moja unaofuatwa hadi leo. Tangu hapo dunia imepata mashine za kila aina, zipo hata zinazotoa jibu la ESR kwa dakika chache, na kuna kipimo kingine, CRP, kinachopanda ndani ya saa chache tangu vita ianze na kushuka upesi ikiisha, wakati ESR huchelewa kupanda na huweza kuchukua wiki kadhaa kushuka. Lakini mrija wa Westergren unadunda vituoni kwetu kwa sababu ambayo wifi aliitaja bila kufikiri: hauhitaji umeme.

Kwenye dakika ya 35 nikafungua mkoba kutafuta leso. Kifuko cha nailoni kikaanguka sakafuni.

Wifi alikiokota. Akakifungua. Ulikuwa udongo, ule wa vipande vya kahawia uliochomwa, ninaonunua kwa mama mmoja sokoni, mia mbili mia mbili. Nilikuwa nao kwenye mkoba, nilikuwa nao kwenye droo ya meza yangu shuleni, na kusema kweli nilikuwa nao chini ya mto.

"Una mimba?"

"Mimba ya wapi, wifi, na miaka yangu hii."

"Tangu lini unakula huu?"

Sikujua tangu lini. Mwaka? Ulianza kama mzaha. Wifi hakuniuliza zaidi. Alinishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akavuta chini kope la jicho langu kwa kidole gumba. Kisha akaomba ile karatasi tena, akaigeuza upande wa mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nitolewe damu ile ya kwanza mtu akasoma mistari ya juu.

HB, yaani kiwango cha damu, 7.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Chini yake, MCV 66, maana yake chembe zenyewe zilikuwa ndogo, zimesinyaa, kama mikate iliyokandwa kwa unga kidogo. Kando ya kila tarakimu mashine ilikuwa imechapa herufi L ndogo, yaani iko chini, kwa wino mweusi uliofifia. Hakuna aliyezikoleza.

"Upungufu wa damu nao unapandisha ESR," akasema wifi. "Chembe zikiwa chache kwenye mrija hazibanani, zinapita kirahisi, zinafika chini upesi. Hata bila maambukizi yoyote." Akaguna. "Sindano kumi."

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu wa Pangani akikukuta umelamba udongo wa ukuta alikuchapa kwa ufagio akisema utapata safura. Safura ilikuwa ule ugonjwa wa kupauka, kuvimba uso na kukosa nguvu, ambao wazee waliuhusisha na kula udongo. Neno lenyewe ni la zamani na limetembea. David Livingstone, katika shajara za safari yake ya mwisho, aliiandika safura kama ugonjwa wa walaji udongo wa Zanzibar. Na kwa Kiarabu asili yake ni nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne ambayo matabibu wa Kiyunani, na baada yao matabibu wetu wa pwani, waliamini yanatawala mwili. Sasa Fåhraeus, huyohuyo wa 1918, alikuja kupendekeza kwamba Wagiriki waliyapata yale majimaji manne kwa kutazama damu iliyoachwa itulie kwenye chombo: tabaka jeusi chini, jekundu juu yake, jeupejeupe, na juu kabisa maji ya manjano. Sijui kama alikuwa sahihi. Ila nilikuwa nimekaa mbele ya mrija, maji ya manjano yakiongezeka juu ya damu yangu, kifuko cha udongo mezani, na neno lililonijia lilikuwa la bibi.

Bibi alikosea jambo moja tu, au nusu yake. Mara nyingi si udongo unaoanza. Mwili ukipungukiwa madini ya chuma huweza kutamani vitu vya ajabu, udongo, barafu, mchele mbichi, hata mkaa. Halafu udongo nao huweza kulishika lile chuma kidogo lililomo kwenye chakula lisifyonzwe. Kwa hiyo unakula kwa sababu umepungukiwa, na unazidi kupungukiwa kwa sababu unakula.

Simu ikalia. Wifi akachuchumaa tena, jicho usawa wa mrija. 66.

Swali lililobaki lilikuwa damu inakwenda wapi, na jibu nilikuwa nalo mwenyewe siku zote. Nilikuwa nikiingia mwezini siku tisa, siku tatu za mwanzo nabadilisha pedi kila saa mbili, na nilishaacha kuvaa sketi nyepesi shuleni. Nilidhani ni umri. Mama yangu alikuwa hivyo, dada zangu ni hivyo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema, kwani mtu anayelalamika uchovu na kichwa anaanzaje kumweleza kijana wa watu habari za hedhi? Wifi alinituma kwa daktari wa wanawake. Altrasaundi ikaonyesha vivimbe vitatu kwenye kizazi, kikubwa chao kama chungwa. Fibroidi. Daktari yule, mama mtu mzima mwenye miwani shingoni, aliitazama ESR yangu kwa sekunde moja, akaigonga kwa kalamu na kusema, "Hii tuiache kwanza, tutaikuta mbele ya safari."

Matibabu hayakuwa na fahari yoyote. Vidonge vya kuongeza damu, vinavyogeuza choo kuwa cheusi kama lami (niliambiwa mapema, la sivyo ningekimbilia hospitali usiku). Dawa ya kupunguza hedhi. Na nikatazwa chai karibu na chakula na vidonge, kwa kuwa inazuia chuma lisiingie mwilini. Hilo la chai liliniuma kuliko sindano zote kumi. Wali maharage bila chai ya rangi nyuma yake ni adhabu. Majirani waliniletea juisi ya rozela, nikawashukuru na kuinywa, ila vidonge sikuacha. Hamu ya udongo iliondoka ndani ya wiki tatu, kimyakimya. Siku moja nikafungua droo ya shule nikakuta kifuko, nikakishangaa kama kilikuwa cha mtu mwingine. Baada ya miezi minne HB ilikuwa 11.9 na ESR 25. Fibroidi bado zipo, upasuaji umepangwa likizo ya Desemba.

Tangu hapo nimekuwa kero. Mtu akisema ana ESR namuuliza HB yake. Wifi amenionya mara mbili. Mara ya kwanza alinikumbusha wagonjwa wa selimundu: chembe zao zimepinda kama mundu, hazipangiki kama sahani, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa anaungua homa na ESR yake ikasoma 2 au 3. Kipimo kikiwa chini hakimwachii mtu huru. Mara ya pili alinikumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu alinifuata ofisini wakati wa mapumziko. ESR 48. Dukani walishamuuzia kapsuli, anazo siku ya tano. Nikaichukua karatasi kwa kujiamini kabisa, nikaenda mistari ya juu. HB 13.1. Hakuna L hata moja. Nikaisoma tena, nikitafuta pa kushika, sikupapata.

"Mwalimu, hebu niambie," nikamwuliza, "nini hasa kilikupeleka kupima?"

Akasema ni uchovu tu. Kisha akanyamaza kidogo, akasema pia asubuhi akiamka vidole havikunjiki, anaviloweka kwenye maji ya moto ili aweze kufunga vifungo vya blauzi, na ubaoni hawezi kuandika hadi kipindi cha pili. Siku hizi anamwachia kiranja aandike tarehe. Alikuwa amekaa na mikono mapajani. Nikamwomba anionyeshe. Vifundo vya vidole vyote viwili vya shahada vilikuwa vimevimba, vya kushoto na vya kulia sawasawa, na pete ya ndoa alikuwa ameihamishia kwenye mkufu shingoni.

Nikampa namba ya wifi.